Kulipokea Jina Kama Lilivyo

Andika Murang'a kwenye fomu ya mtandaoni, kisha bonyeza kitufe cha kutuma. Neno hilo lina ritifaa moja, na hiyo ndiyo ninayompimia fundi aliyeandika programu ya upande wa pili, kwenye seva.

Lugha ya SQL, inayozungumza na hifadhidata, hutumia alama hiyohiyo kufungulia na kufungia maandishi. Ukilibandika jina ndani ya amri vilevile, hifadhidata husoma Murang, hudhani maneno yamekwisha, kisha hukwama kwenye ile a iliyobaki. Mwenye nia mbaya hupita papo hapo: baada ya ritifaa huchomeka amri yake. Fundi hutanguliza amri yenye alama ya kuuliza mahali pa jina, na jina hufuata peke yake. Hapo haliwezi tena kugeuka amri, wala halipungui hata herufi.

Wengine huona njia rahisi ni kuikataza ritifaa. Niliona fomu ikimwambia mzee mmoja wa Kisukuma kwamba jina lake, linaloanza na Ng'w, si sahihi. Jina alilopewa na babu yake!

PHP, lugha ya programu za seva aliyoitoa Rasmus Lerdorf mwaka 1995, ilijifunza adabu hii ya kupokea kwa taabu. Zamani kila kilichotumwa kiliweza kuwa kigeu ndani ya programu bila kubisha hodi. Kama mwandishi hakukipa kigeu thamani mapema, mgeni alijiandikia cheo kwenye anwani ya ukurasa na kukipata. Tena PHP ilitia mkwaju kabla ya kila ritifaa, watu wakakuta Murang\'a kwenye kurasa zao. Mambo yote mawili yaliondolewa katika toleo la 5.4, mwaka 2012. Sasa unafungua mwenyewe $_POST, kapu la vilivyotumwa, unachukua unachokihitaji, unakikagua.

Kazi hii ya kupokea fomu naipendea uangalifu wake. Namba ya simu inayoanza na 0712 ukiigeuza kuwa tarakimu za hesabu, sifuri ya mbele hupotea, na simu haitaita. Kisanduku kisichotiwa tiki hakitumwi kabisa, kwa hiyo lazima usikilize hata ukimya.

Wewe unayeandika fomu leo, kabla hujaikabidhi, ijaze jina kama la yule mzee. Lihifadhi, lifungue tena, ulisome herufi kwa herufi.