Kipimo cha kidijitali kwenye telistoki: kusoma kina pale kinapotokea

Fundi anayetoboa shaba ya manjano kwenye mashine ndogo ya kukereza anaijua hali ya keekee kuuma. Makali yake yamenolewa kwa ajili ya chuma, shaba nayo ni laini, kwa hiyo badala ya kukata taratibu keekee inajivuta mbele yenyewe. Papo hapo kwili, yaani lile bomba la chuma linalobeba keekee na kutoka ndani ya telistoki (kichwa cha nyuma cha mashine), huruka mbele kwa kiasi cha ulegevu uliopo kati ya skrubu na nati yake. Gurudumu la mkono halijasogea hata kidogo. Alama zilizochorwa kwenye ringi yake zinasema kina ni kilekile, kumbe tundu limeshapitiliza.

Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kufunga kipimo cha kidijitali kwenye telistoki. Wengi huvutiwa na skrini inayosoma milimita 0.01, lakini tarakimu hizo ni nyongeza tu. Kilicho muhimu ni kwamba kipimo kinaifuata kwili yenyewe, si skrubu inayoisukuma. Ulegevu wa skrubu, meno yaliyolika, mzunguko mmoja wa gurudumu ambao fundi alisahau kuuhesabu: hakuna hata kimoja kinachoingia tena kwenye hesabu ya kina.

Tuchukue mashine za mezani za Kichina za aina ya Sieg C2 na C3, zinazozungusha kipande cha kipenyo cha milimita 180 hivi. Kwili zake ni fupi, na mwendo wake hutoshea ndani ya kalipa ya kawaida ya kidijitali ya milimita 150. Hiyo ndiyo hugeuzwa kuwa kipimo. Kwanza vua kichwa chenye skrini, kifunge kwenye mfuko wa plastiki na ukiweke mbali, maana vumbi la grinda halifai kukifikia. Kisha kata midomo ya kupimia. Mara nyingi chuma chake kimekazwa kwa moto, msumeno wa mkono huteleza tu juu yake, kwa hiyo tumia diski nyembamba ya kukatia. Kata kidogo, acha kipoe, kata tena. Chini ya ile karatasi yenye alama za milimita, iliyo kwenye rula ya kalipa, kuna vipande vya shaba vilivyobandikwa kwa gundi. Kichwa kinapopita juu yake husoma mabadiliko madogo ya chaji ya umeme kati yake na vipande hivyo. Joto likiilegeza gundi, kalipa imekwisha.

Swali linalofuata ni kipi kisimame na kipi kitembee. Kuna wanaofunga rula juu ya telistoki na kuacha skrini isafiri pamoja na kwili. Mimi nasimama upande wa pili: skrini ibaki palepale kwenye mwili wa telistoki, rula ndiyo itembee. Jicho linajua pa kutazama, na skrini inakaa mbali na mafuta na taka za chuma zinazorushwa na keekee. Ubaya wake ni kwamba kwili ikirudi ndani, rula inachomoza nyuma kuelekea gurudumu la mkono. Kwa hiyo ikatwe ibaki na urefu unaohitajika tu, na kona zake zipigwe tupa.

Sasa tufike kwenye kiungo kati ya rula na kwili, maana kipimo kizima hufaulu au huharibika hapo. Usitoboe kwili kupata pa kufunga skrubu. Kwa ndani imechongwa koni ya Morse namba 2, hivyo ukuta wake karibu na mdomo ni mwembamba, na ukingo wowote uliovimba utakwaruza tundu linamopita. Kereza ringi ya alumini yenye unene wa milimita 8 hivi, itoboe kwa kipenyo cha kwili, ipasue upande mmoja na uibane kwa bolti ya M4. Kabla ya kuamua unene, rudisha kwili hadi mwisho uone chaki ya keekee inatokaje. Kwenye mashine nyingi ndogo ncha ya skrubu ndiyo inayoisukuma itoke kwenye koni, na hilo hutokea kwili inapokuwa imeingia karibu yote. Ringi ikiwa nene itagota kwenye mwili wa telistoki kabla chaki haijaachia, nawe utabaki kuigonga kwa nyundo kila unapobadilisha kifaa.

Juu ya ringi simamisha mkono mfupi unaoifikia rula. Hapa wengi huviunganisha viwili hivyo kwa skrubu mbili ngumu, na hapo ndipo kipimo kinapoanza kukwama. Kwili inazuiwa isizunguke na kipande kidogo kinachoteleza ndani ya mfereji, na kipande hicho nacho kina nafasi yake. Keekee nene ikianza kukata, kwili huzunguka kidogo. Mkono ukiwa milimita 35 juu ya kitovu, kuzunguka kwa nyuzi 1 tu kunausukuma pembeni milimita 0.6. Rula iliyofungwa kwa ukali italazimika kupinda, kichwa kitabanwa, na kusogea kwake kutakuwa kwa kurukaruka. Dawa ni pini ya milimita 3 kwenye ncha ya rula, iingie katika mfereji uliokatwa kwa kukingama kwenye ule mkono. Kwa mbele na nyuma pini ikae barabara bila nafasi. Kulia na kushoto iwe huru. Mwendo wa kina unapita wote, mwendo wa pembeni unaachwa.

Kusimamisha rula sambamba na kwili kunawatia watu hofu isiyo na msingi. Rula ikiwa imekwenda upande kwa milimita 1 katika urefu wa milimita 50, kosa la kusoma ni milimita 0.01 tu. Linalostahili hofu zaidi ni lile alilolieleza Mjerumani Ernst Abbe mwaka 1890: kipimo kiwe kwenye mstari uleule wa kitu kinachopimwa. Chetu hakiwezi, kimekaa juu. Kwili yenye nafasi ya milimita 0.03 katika urefu wa milimita 60 ikiinama, kwa umbali ule wa milimita 35 skrini itakosea karibu milimita 0.02. Rula ikae chini kadiri mwili wa telistoki unavyoruhusu.

Umeme una jambo moja la kuangalia. Kalipa nyingi za bei nafuu hutumia betri ya LR44 ya volti 1.5, na mwili wake wa chuma umeunganishwa na upande chanya wa betri. Ukitaka kuilisha kutoka nje, tumia chanzo kisichogusana na mwili wa mashine.

Kisha suala la sifuri. Skrini inaonyesha umbali kutoka pale ulipobonyeza kitufe, basi. Keekee ya kawaida yenye ncha ya nyuzi 118 ina koni yenye urefu wa takriban 0.3 ya kipenyo chake. Ya milimita 10 ina koni ya milimita 3. Mchoro ukitaka kina cha milimita 25 kwa kipenyo kamili, nawe umebonyeza sifuri ncha ilipogusa, endelea hadi 28.

Kuna mawili ambayo kipimo hiki hakiyaoni kabisa. Telistoki isiyokazwa vizuri hurudi nyuma kwenye reli inaposukumwa, na keekee iliyoteleza milimita 2 ndani ya chaki inabaki nyuma huku skrini ikiendelea kuhesabu. Kaza vyote viwili kabla ya kubonyeza sifuri.

Mwisho, kikaguliwe. Asiye na vipande vya kupimia vya dukani achukue beringi mpya ya 6202, ambayo hupatikana kwenye mota nyingi za umeme. Kipenyo chake cha nje ni milimita 35, na kwa daraja la kawaida hairuhusiwi kupungua zaidi ya milimita 0.011. Usitumie upana wake, huo una uhuru mkubwa zaidi. Shika kipande chenye uso bapa kwenye chaki kuu, na fimbo yenye ncha bapa kwenye chaki ya keekee. Gusanisha, bonyeza sifuri, rudisha, weka beringi katikati na usogeze hadi iguswe bila kubanwa. Ikisoma kati ya 34.97 na 35.03, kalipa ya bei nafuu haina la kuongeza. Ikizidi hapo, au ikitoa jibu tofauti kila unaporudia, anza na ile pini ya milimita 3 kabla hujailaumu skrini.