Bambo la Mtakwimu

Mnunuzi wa mpunga aliyeiva haamini mdomo wa gunia. Huchoma bambo ubavuni na chini, akamimina punje kiganjani, akazifikicha, akang'ata moja kupima ukavu. Ripoti ya majaribio ya mbegu nayo ichomwe vivyo hivyo. Tuseme mbegu kadhaa za mpunga zimeshindanishwa na mbegu iitwayo SARO 5 kwenye majaruba ya Kasansa, huko Mpimbwe mkoani Katavi, na ripoti inatangaza mshindi. Chungulia haya.

Idadi. Vimefanywa vipimo vingapi, si vingapi vimetangazwa? Kwa kiwango kilichozoeleka cha kuvumilia kosa katika kila kipimo, yaani 0.05, vipimo 20 visivyohusiana vina uwezekano wa asilimia 64 hivi wa kuzaa angalau "mshindi" mmoja wa bahati tu, hata kama mbegu zote ni sawa. Kazi mbovu humwonyesha huyo mmoja na kuwafukia wengine 19.

Undugu. Shina lenye machipukizi mengi aghalabu hutoa masuke mengi, na masuke mengi hujaza gunia. Ukipima yote matatu hujapata mashahidi watatu; ni watu wa nyumba moja. Tena, SARO 5 ikiangukia jaruba lisilofikiwa na maji vizuri, washindani wake wote watang'ara kwa mpigo.

Dawa. Njia ya Bonferroni hugawa 0.05 kwa 20, ikabaki 0.0025 kwa kila kipimo. Ni salama hata penye undugu, ila hupeta kwa nguvu mno, na mbegu njema huweza kuondoka na pumba. Ya Holm (1979) ina usalama uleule na ukali pungufu. Benjamini na Hochberg (1995) huvumilia sehemu ndogo ya washindi kuwa wa uongo. Mwaka 2001 Benjamini na Yekutieli walionyesha ni undugu wa namna gani njia hiyo huuhimili, wakaongeza nyingine kali zaidi kwa undugu wowote.

Mimi hupendezwa zaidi na ya Westfall na Young (1993). Majina ya mbegu hubadilishanwa mara maelfu kati ya majaruba ya mfereji mmoja, huku vipimo vya kila jaruba vikiachwa pamoja. Hivyo undugu haukisiwi. Huingia wenyewe kwenye hesabu.

Ripoti isiyotaja idadi, undugu wala dawa, usiinunulie mbegu. Iliyo bora hukuwekea jedwali la vipimo vyote 20, walioshindwa wakiwemo, ili uchome bambo popote upendapo.