Kulea Kitwitwi Mwenye Mdomo wa Kijiko

Yai lake halizidi tende iliyonona. Ndege mwenyewe ana gramu 30 na kidogo, na mdomo wake mweusi umetanuka nchani kama kijiko. Hutaga Chukotka, ukingo wa mashariki kabisa wa Urusi, kisha hupitia matope ya Bahari ya Manjano kwenda Myanmar, Bangladesh na Thailand, safari ya kilomita 8,000 hivi. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki huletewa binamu zake tu, wale wanaochokoa tope Mida Creek na kwenye delta ya Rufiji. Yeye haji.

Wamebaki mamia. Ndiyo maana mwaka 2012, karibu na kijiji cha Meinypilgyno, wataalamu wa Urusi na Uingereza walianza kuchukua mayai viotoni na kuyaangua wenyewe. Waliyachukua mapema, ili mama apate muda wa kutaga tena.

Kinachonivutia ni mikono yao. Yai hupumua: unyevu hutoka kupitia ganda na uzito hupungua siku kwa siku. Ukipungua mno, kifaranga hukauka. Ukipungua kidogo mno, hukosa nafasi ya hewa ya kuvutia pumzi yake ya kwanza. Basi mlezi huliweka yai kwenye mizani, hulimulika kwa taa aone mishipa, hurekebisha unyevu wa mashine ya kuangulia kidogo tu, halafu huliacha. Kuliacha ndiko kugumu. Kifaranga akishaanza kudonoa ganda hukaa saa nyingi humo, na anayembandulia ganda kwa huruma anaweza kumuua, kwa kuwa mishipa bado ina damu na kiini hakijaingia chote tumboni.

Akitoka, kijiko anacho tayari. Siku hiyohiyo hutembea na kujidonolea chakula, kwa hiyo mlezi hamlishi mdomoni. Humpa joto na humkinga na mbweha. Wiki tatu baadaye huvishwa kibendera mguuni na wavu wa banda lake hufunguliwa. Njia ya kusini haonyeshwi na mtu. Hata waliolelewa porini huachwa na wazazi wao, wakasafiri peke yao.

Kule Slimbridge, Uingereza, ambako wengine walianza kufugwa 2011, mayai ya kwanza yalitagwa 2016. Walezi walingoja hadi 2019 kuona vifaranga wawili wa humo wakikua mpaka kuruka.