Waliousoma Mto Wami

Anayesafiri leo kutoka Chalinze kwenda Segera huvuka Wami bila hata kukatisha maongezi. Abiria aliyesinzia Lugoba anaweza kuamka Mkata asijue kama amepita juu ya mto. Daraja halipati sifa kubwa kuliko hiyo, na wanaoistahili ni watu tusiowajua kwa majina: wapima, wachorongaji wa miamba na wasanifu, walioanza kazi kabla hata mfuko mmoja wa saruji haujafika.

Daraja la zamani, lile la mwaka 1959, ninalikumbuka vizuri. Lilikuwa na njia moja tu. Dereva alianza kushusha gia mapema, breki za upepo zikilia, na kina mama wakiwavuta watoto mapajani. Mkifika chini mkakuta lori limeshaingia kutoka ng'ambo, mnasubiri. Tuliokaa dirishani tulichungulia maji yale, mekundu kwa matope, tukitafuta mamba, na kila kipande cha gogo tulikiapia kuwa ndiye. Kisha injini inaunguruma, basi linapanda upande wa pili polepole, na mazungumzo yanarudi. Nililipenda daraja lile. Kwa mita zisizofika 90 lilihudumia vizazi viwili, na kwa magari na fedha za siku zile waliolijenga walichagua vyema. Lakini miteremko na kona zake zimeua watu wengi.

Waliopanga mrithi wake hawakukimbilia kulitanua lile lile. Waliirudia ardhi. Wakatafuta mwamba ulipo, wakapima mafuriko yanapanda hadi wapi, wakapiga hesabu ya malori ya Tanga na Arusha, kisha wakaliacha kuukuu liendelee kubeba safari huku nguzo mpya zikipanda jirani. Jipya lina mita 513.5, kwa mto ule ule! Asiyejua ataona ni ufujaji. Urefu huo ndio ulioyapunguzia magari kushuka hadi shimoni na kujikokota kupanda.

Kinachoniuma ni jinsi tunavyoipokea kazi ya namna hii. Siku ya uzinduzi tunapiga picha; baada ya hapo kuna anayefungua nati za kingo usiku, mwingine anachimba mchanga mtoni karibu na nguzo, na mwenye lori anazidisha mzigo akiomba asikutane na mizani. Machi 2020 maji yalipoikata barabara ya Morogoro–Dodoma pale Kiyegeya, foleni ya magari ilitukumbusha kwa siku chache kwamba madaraja yapo. Mvua ilipopita tukasahau.

Viongozi wa vijiji vilivyo kando ya mito, zuieni mchanga wa chini ya madaraja usichimbwe. Nanyi mnaonunua vyuma chakavu, ulizeni nati imetoka wapi kabla hamjaipima kilo.