Kelele za Bati

Wahakiki wa elimu yetu husoma mtaala, husoma vitabu vya kiada, husoma hotuba za bajeti. Jengo lenyewe huishia kuhesabiwa. Mwaka 2021 serikali ilianza kujenga madarasa 15,000 nchi nzima kwa fedha za mkopo wa Sh trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, watu wakayaita madarasa ya UVIKO. Idadi ile ilitangazwa kila mahali. Mjadala juu ya ramani yake sikumbuki kuusikia.

Ramani mnaifahamu: chumba cha mstatili, ukuta wa tofali, madirisha pande mbili, ubao mbele, bati juu. Ni ileile Tanga, Kagera na hapa Singida. Huku inagombana na upepo, kwanza. Vumbi likiingia mwalimu anafunga madirisha, na pale yalipo ya mbao, darasa linakuwa giza saa nne asubuhi.

Kesi nzito zaidi ni mvua. Singida ina msimu mmoja wa mvua, Novemba au Desemba hadi Aprili. Shule zinafunguliwa Januari. Kwa hiyo mtoto wa Darasa la Kwanza anaanza masomo mvua zikiwa zimepamba moto, na tangu 2015 mtaala wa madarasa ya mwanzo umejengwa juu ya KKK, ambako kusoma kunaanzia kwenye sauti za herufi. Anatakiwa kutofautisha "ba" na "pa", "fa" na "va", chini ya bati lisilo na dari. Aliyetunga mtaala na aliyechora paa ni kama hawakuwahi kukutana.

Nimesoma chini ya bati la namna hiyo, katika kijiji ambacho leo kiko wilaya ya Ikungi. Mvua ikianza, mwalimu alipaza sauti dakika moja au mbili, kisha akageukia ubao na kuandika. Tulinakili. Walimu wetu wanalaumiwa sana kwa kunakilisha, na lawama nyingine wanastahili, lakini kipindi kile paa ndilo lililochagua mbinu. Sisi wa Darasa la Tano angalau tuliweza kunakili. Chumba cha pili walikuwamo wadogo wasiojua kusoma. Wao walikaa tu.

Bibi yangu aliishi kwenye tembe, nyumba ya Wanyaturu yenye paa bapa la miti na udongo, ambayo viongozi wametuhimiza miaka mingi tuachane nayo. Mvua ikidondoka juu ya udongo haina kelele. Sisemi turudi huko: tembe ni fupi, ina giza, inavuja isipokandikwa upya, na watoto 45 hawaenei. Ila lilikuwa paa la mtu aliyewahi kukaa chini yake.

Wasanifu hupenda kututajia Francis Kéré, aliyejenga shule ya kijijini kwao Gando, Burkina Faso, mwaka 2001, na akapata tuzo ya Pritzker mwaka 2022. Ni kazi nzuri: matofali ya udongo, dari ya matofali, na bati lililoinuliwa juu yake ili hewa ya moto itoke. Lakini Kéré alikuwa akipigana na joto. Singida mjini iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Juni asubuhi watoto wanakuja na masweta. Cha kuazima kwake ni lile tabaka la katikati, yaani dari.

Nayo ndiyo inayoachwa. Wananchi wanachanga, wanasomba mchanga na mawe (mawe huku hayajawahi kuwa tatizo), wanapandisha boma hadi kwenye lenta, kisha wanasubiri halmashauri iezeke. Bati likishapigwa, chumba kinahesabika. Madarasa ya UVIKO niliyoyaona yana dari, na yanastahili sifa kwa hilo. Katika yale 15,000, shule shikizi zilipangiwa 3,000. Mengine 12,000 yalikuwa ya sekondari, kwa wanafunzi ambao tayari wanajua kunakili.