ZIMWI LIMEHAMIA NDANI: Je, ngano za Netflix zinafaa kwa familia?

Utangulizi

Mwezi Machi 2023, Netflix kwa kushirikiana na UNESCO ilitoa mfululizo wa filamu fupi sita uitwao African Folktales, Reimagined, yaani ngano za Kiafrika zilizosimuliwa upya. Filamu hizo zimetoka Tanzania, Kenya, Uganda, Nigeria, Afrika Kusini na Mauritania. Wengi wetu tukisikia "ngano" tunadhani ni mambo ya watoto, kwa hiyo familia nzima ikae itazame. Makala hii inaipinga dhana hiyo. Inawapinga pia wanaosema watoto wafukuzwe sebuleni. Hoja yangu ni kwamba kufaa kwa ngano hakutokani na maudhui peke yake, bali pia na msimulizi.

Nilizitazama likizoni kwa bibi yangu, Mpanda, kwa kompyuta mpakato na bando la simu. Walikuwepo wadogo zangu, watoto wa shangazi na mtoto mmoja wa jirani.

Maudhui

Tulianza na Katope ya Mtanzania mwenzetu Walt Mzengi Corey. Mtoto mwenye asili ya ajabu anaondoka kwenda kutafuta namna ya kumaliza ukame kijijini, ingawa safari hiyo inaweza kumtenganisha na mama yake. Hapa hakuna aliyehitaji maelezo. Watoto wa Katavi wanajua kiangazi, Mto Katuma unapokauka na viboko wakabanana kwenye tope. Maajabu nayo hayawatishi. Mkoa wenyewe umebeba jina la mzimu, Katabi, ambaye Wabende husimulia kuwa anakaa kwenye mkwaju karibu na ziwa. Filamu hii inafaa kwa kila rika, na huzuni yake ni ya kiasi.

Ikafuata Anyango and the Ogre ya Voline Ogutu wa Kenya. Otis, mwenye miaka 13, anajaribu kuwakinga wadogo zake dhidi ya zimwi la ngano, kumbe zimwi lenyewe liko ndani ya nyumba yao. Kinachozungumzwa ni ukatili wa nyumbani. Katera of the Punishment Island ya Loukman Ali wa Uganda ni nzito zaidi. Mwanamke aliyetelekezwa kisiwani kwa kupata mimba kabla ya ndoa anapanga kisasi. Hili nalo si la kubuni tu, maana kisiwa cha Akampene katika Ziwa Bunyonyi kilitumika kweli kuwatupa wasichana wa namna hiyo. Hiyo niliiacha mpaka watoto walipolala.

Fani

Watasema: mbona hata mazimwi ya bibi yalikula watu? Ni kweli, tena yaliwameza wazima wazima! Lakini bibi alikuwa akitutazama usoni. Akiona mmoja anakaribia kulia, zimwi lilipunguzwa meno papo hapo. Hadithi ya pili ilibidi tuiombe. Netflix haimtazami mtu usoni. Filamu moja ikiisha nyingine huanza yenyewe, na Katope na Katera wako kapu moja. Huu ndio udhaifu mkubwa wa mfululizo huu kama kazi ya familia.

Tofauti ya pili ni mandhari. Zimwi la bibi lilikaa porini, mbali, na mlango ukifungwa tulikuwa salama. Ogutu amelihamishia ndani. Mwanzoni niliona amewanyang'anya watoto kimbilio lao la mwisho, na nilikuwa tayari kuandika hivyo. Ila filamu ilipoisha, yule mtoto wa jirani aliuliza kwa sauti ndogo, "Sasa wale watoto usiku wanalala wapi?" Hakuna aliyecheka. Bibi hakumhoji. Alimwongezea chakula, kisha akasema, "Leo utalala hapa na wenzako." Asubuhi alijifunga khanga akaenda kwa mama yake, akakaa huko muda mrefu.

Hapo nikaona kosa la hoja yangu. Ngano ya zimwi la porini inamfaa mtoto ambaye nyumbani kwake kuna amani. Kwa yule ambaye kwao hakuna, ngano hiyo ilikuwa inamdanganya miaka yote, na Ogutu ndiye wa kwanza kumwambia ukweli.

Hitimisho

Je, mfululizo huu unafaa kwa familia? Katope, ndiyo, bila masharti. Katera, hapana kwa watoto wadogo. Anyango inafaa kwa sharti moja, kwamba mtu mzima akae mpaka mwisho na awe tayari kwa swali litakaloulizwa. Mzazi anayewasha filamu hii kisha akaenda zake jikoni amewaachia watoto zimwi bila msimulizi. Sisi wahakiki tumezoea kuuliza msanii amefaulu wapi katika fani na maudhui. Kwa kazi za namna hii tuulize pia: nani alikuwa amekaa na watoto?