Hereni ya Ng'ombe na Kisu cha Mchinjaji

Mwaka 2010 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo, na Juni 2025 Serikali ilizindua mjini Bariadi kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi. Ng'ombe huvishwa hereni ya kielektroniki yenye namba yake peke yake, na namba hiyo huingizwa katika kanzidata pamoja na habari za mmiliki. Jambo hili tunaliunga mkono. Linasaidia kuzuia maradhi na wizi, na Uislamu umeharamisha kula mali za watu kwa batili. Lakini kwa Muislamu anayenunua nusu kilo Mbagala au Tegeta, mfumo huu una kasoro kubwa: unamjua ng'ombe akiwa hai, wala haumjui aliyemchinja.

Ng'ombe wengi wanaoliwa Dar es Salaam hupitia mnada wa Pugu na machinjio kama ya Vingunguti. Hapo hereni hubaki sikioni, kichwa kikaenda kwa wauza supu na nyama ikaenda bucha. Kinachobaki juu ya nyama ni muhuri wa mkaguzi, nao unashuhudia afya tu.

Mafakihi wa zamani hawakuliacha jambo hili. Al-Shayzari, aliyeandika juu ya hisba katika karne ya 6 Hijria, alitaka nyama ya mbuzi itiwe nukta za zafarani ili ipambanuke na nyingine, na mikia yao iachwe ikining'inia kwenye nyama mpaka mwisho wa kuuza. Alama yao ilikuwa mbele ya macho ya mnunuzi. Yetu imewekwa mahali ambapo mnunuzi hafiki.

Wapo wanaosema: basi tusile mpaka simu itushuhudie. Hilo nalo ni kuvuka mpaka. Bukhari amepokea kwa Bibi Aisha (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) aliulizwa juu ya nyama iliyoletwa na watu wapya katika Uislamu, haijulikani kama wametaja jina la Allah. Akawaelekeza waulizaji walitaje wenyewe na wale. Lakini tuangalie vizuri: shaka ilikuwa katika kutaja jina, jambo ambalo kwa madhehebu ya Shafi ni sunna. Mchinjaji mwenyewe alikuwa anajulikana.

Kwetu yakini hiyo imebebwa na ada, kwamba machinjioni huchinja Waislamu. Ada ni hoja katika fiqhi, ila ada isiyoandikwa popote huvunjika kirahisi. Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, ugomvi wa nani achinje ulifikia kuua mtu. Hatutaki hayo yafike Temeke wala Kinondoni.

Kwa hiyo rai yetu ni hii: namba ya hereni isiishie kichwani. Ihamishiwe kwenye lebo ya nyama, iandikwe machinjio, tarehe na aliyechinja, na mwenye bucha aitundike wazi. Muislamu atajua anachokula, na jirani yake Mkristo pia atajua anachonunua. Asiyeficha hana cha kupoteza.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.